280 SL ya mwaka 1984: kutoka Calw hadi Bonn kwa namba za muda

Jumatano, 14 Mei 2025. Bonn – Karlsruhe – Pforzheim – Calw

Tangazo lilikuwa fupi: Mercedes-Benz 280 SL, toleo la R107, mwaka 1984, rangi ya fedha, viti vya ngozi ya buluu, gia otomatiki, paa la turubai na paa gumu vyote vipo, kilomita 168,000, bei 27,500 euro, maelewano yapo. Picha zilikuwa nyingi, zote za kupendeza, na hata moja haikuonyesha chini ya gari. Muuzaji, mzee mstaafu wa Calw, alipoulizwa kwa simu alisema gari linaweza kupandishwa kwenye lifti ya karakana ya jirani yake. Jibu hilo ndilo lililohalalisha nauli. Muuzaji anayeleta visababu kuhusu lifti mwachie gari lake.

Kwa tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, iliyouzwa 58 euro mwaka 2025, mtu hufika Calw kwa kupitia Mainz, Karlsruhe na Pforzheim. Ni polepole, na muunganisho mmoja ulipotea njiani, ikabidi kungoja karibu saa nzima na mkate wenye jibini wa 4.50 euro. Muda huo uliishia kwenye karatasi za gari, ambazo mzee alikuwa amezipiga picha na kuzituma.

R107 ilitengenezwa Sindelfingen kuanzia 1971 hadi 1989, magari 237,287 kwa jumla. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi: magari si adimu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia bovu. 280 SL zilitoka 25,436, na namba zake za chesisi huanza na WDB107042. Ikiwa tangazo linasema 280 SL na chesisi inaanza na 107044, hiyo ilizaliwa 450 SL, na kuna mtu ana maelezo ya kutoa. Muhimu kuliko yote ni kadi ya data ya kiwandani: ina namba ya injini, namba ya giaboksi, msimbo wa rangi na vifaa vya ziada. Kadi ya gari hili ilisema rangi 735, fedha ya Astral. Kama muuzaji hana kadi, Mercedes-Benz Classic, idara ya magari ya kale ya kampuni, inaweza kusaidia kwa namba ya chesisi.

Nyumba ya wageni Calw: 74 euro pamoja na kifungua kinywa. Mji uko bondeni kando ya mto Nagold, na kutoka stesheni hadi katikati ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Alhamisi, 15 Mei. Calw, kutwa kwenye lifti

Mzee alikuwa ameambiwa asiwashe injini asubuhi, naye alitii. Boneti ikashikwa kwa mkono: baridi. Injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika inaficha mengi, hasa moshi wa kwanza. Hii iliwaka mara moja, ikatoa pumzi ndogo ya buluu iliyokwisha baada ya sekunde chache. Huo ni mpira wa valvu uliozeeka, jambo la kawaida kwa injini ya M110. Moshi wa buluu unaoendelea unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima ni habari nyingine.

Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kufungua 280 E ya W123, saluni ya Mercedes, anaijua injini hii: silinda sita mstarini, kemshafti mbili, lita 2.8, nguvu za farasi 185, na mfumo wa Bosch K-Jetronic wa kupuliza mafuta. Ni injini ngumu, ila inadai kuhudumiwa. Valvu hurekebishwa kwa mkono, milimita 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa, injini ikiwa baridi. Nyingi zinazopiga kelele kama cherehani hazijaguswa kwa miaka. Mgandamizo ulipimwa silinda zote sita: kati ya baa 10.8 na 11.4. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi baa 1.5. Kulikuwa na jasho la oili kwenye kona ya nyuma ya silinda hedi. Hapo M110 nyingi huvuja, na bei ya kuishi nalo ni kupanguza. Likigeuka kuwa matone, gasketi ya hedi inasubiri.

Lakini injini ilichukua muda mfupi kuliko bodi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Spea za M110 bado zinapatikana na fundi wa kuifunga yupo. Kutu ya R107 ndiyo inayofilisi watu, kwa sababu mahali pabaya kuliko pote hapaonekani: sanduku la hewa lililo kati ya injini na dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Majani huziba matundu ya kutolea maji, maji hutuama, bati linaoza nyuma ya hita. Kulichomelea upya maana yake ni kushusha dashibodi nzima na hita, na ankara huhesabiwa kwa maelfu ya euro kabla rangi haijapulizwa.

Kulikagua hakuhitaji mtambo. Fungua boneti, safisha majani chini ya kioo, mimina lita moja ya maji taratibu, upande wa kushoto kisha kulia, huku mwenzako amelala chini na tochi. Maji lazima yatoke chini ya gari, mepesi na safi. Yakitoka rangi ya chai, au yasipotoka, au zulia la miguuni likilowa, mazungumzo yamekwisha. Hapa yalitoka safi upande wa kushoto, na upande wa kulia yalisita kidogo, kisha yakasukuma nje konzi ya sindano za misonobari. Kamera ndogo ya waya, inayouzwa euro 30 na kuchomekwa kwenye simu, ilionyesha rangi ya kiwandani ikiwa nzima ndani.

Kisha mihimili ya chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki, sehemu ya chini ya mabawa ya mbele, kingo za matao ya magurudumu ya nyuma na beseni la tairi la akiba. Mahali pa jeki palipigwapigwa kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni bati, sauti iliyofifia ni puti au kutu. Palikuwa pazima isipokuwa pa nyuma kulia, penye kiraka cha kuchomelea, kazi safi. Kipimo cha unene wa rangi kilisoma mikroni 110 hadi 150 karibu kote, ila bawa la nyuma kulia likaruka hadi 600. Hiyo ni puti. Mzee akaleta mwenyewe faili lenye ankara ya ukarabati wa 1997: aligongwa kwenye maegesho. Kipimo kiwe cha kusoma chuma na alumini pia, maana cha sumaku peke yake hakifai kwenye alumini.

Chini, jambo moja lisisahaulike kwenye R107 za kabla ya maboresho ya 1985: fremu ndogo ya mbele inayobeba injini na saspensheni hupasuka karibu na mahali mikono ya chini ya magurudumu inaposhikwa. Ufa hujificha chini ya grisi na vumbi, kwa hiyo ni brashi ya waya kwanza, tochi baadaye. Hii ilikwishaimarishwa kwa vipande vya kuchomelea pande zote mbili. Diski ya mpira ya propela shafti ilikuwa na mipasuko midogo, ya kubadilisha mwaka huu. Matairi yalikuwa na kashata nene, lakini namba nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni mwa tairi, zilisoma 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tairi la miaka kumi na moja hata liwe na kashata zote hutupwa.

Jaribio la mwisho hufanyika baada ya kuendesha. Gari liliendeshwa nusu saa hadi moto ukatulia kwenye nyuzi 85, kipimo cha oili kikasimama kwenye 3 kila lilipokanyagwa, giaboksi ikabadilisha bila kupiga teke. Halafu likazimwa, watu wakanywa kahawa dakika 30, likawashwa tena. Stata ilizunguka, ikazunguka, na baada ya muda mrefu injini ikashika kwa kusitasita. Dalili hiyo kwenye K-Jetronic ina maelezo yanayojulikana: kilimbikizi cha presha, kopo dogo lililo karibu na pampu za mafuta huko nyuma, hakishikilii tena presha baada ya kuzima, na mafuta hugeuka mvuke ndani ya mabomba yenye moto. Valvu ya pampu isiyorudisha mafuta huleta dalili ileile. Geji ya presha ndiyo inayotofautisha, na hakuna haja ya kuanza kubadilisha kila kitu.

Kilimbikizi, matairi manne, diski ya propela na ukaguzi wa serikali uliokwisha Machi viliwekwa mezani kwa bei zake. Mzee alishuka hadi 24,900 euro, gharama ya ukaguzi ikiwa juu yake. Mkataba uliandikwa kwa fomu ya kawaida ya klabu ya magari. Kwa mtu binafsi dhamana huondolewa kwa sentensi moja, na ni halali. Muuzaji wa duka hawezi kuiondoa kabisa, anaweza kuipunguza hadi mwaka mmoja tu. Ndiyo maana baadhi ya maduka huuza "kwa niaba ya mteja". Ukiliona neno hilo, soma mkataba mara mbili.

Ijumaa, 16 Mei. Calw: ukaguzi na namba

Siku ya madawati. Gari lilipelekwa kituo cha ukaguzi saa mbili asubuhi likiwa bado na namba za mzee. Gari lenye usajili wa kwanza wa 1984 bado hupimwa moshi; msamaha ni kwa yaliyosajiliwa kabla ya Julai 1969. Bila kichujio cha ekzosi, kikomo cha CO (kaboni monoksidi) injini ikiunguruma bila mzigo ni asilimia 3.5, na hii ilisoma 2.1. Ingezidi, skrubu ya marekebisho ya K-Jetronic hugeuzwa kwa ufunguo mwembamba wa pembe sita wa milimita 3, robo ya robo ya mzunguko kila mara, injini ikiwa ya moto. Usiigeuze huku umekanyaga mafuta wala usiiache na ufunguo ndani: ufunguo ukiubeba mkono wa kipimo cha hewa, utaharibu kitu cha bei.

Matokeo: kasoro ndogo, kibandiko cha miaka miwili, 158 euro.

Kisha ofisi ya usajili ya wilaya. Anayetaka kulipeleka gari nyumbani ana njia mbili. Ya kwanza ni kuendesha kwa namba na bima ya muuzaji, kwa kuaminiana na kuandika saa ya makabidhiano kwenye mkataba. Ya pili, ambayo ilifuatwa, ni kulifuta gari na kuchukua namba za muda, dirishani uombe Kurzzeitkennzeichen. Hudumu siku tano, huwa na ukanda wa njano kulia wenye tarehe ya mwisho, na hutolewa kwa gari moja lililotajwa. Huombwa unakoishi au gari liliko. Ukaguzi uwe hai, la sivyo utaruhusiwa tu kuelekea kituo cha ukaguzi cha karibu. Zinahitajika vyeti vyote viwili vya gari, kitambulisho, ripoti ya ukaguzi na namba ya bima ya kielektroniki, ambayo hununuliwa mtandaoni usiku wa kuamkia. Bima 65 euro, vibao 24, ada ya ofisi isiyofika 20.

Mchana ofisi hufungwa mapema Ijumaa. Fika kabla ya saa nne.

Jioni paa gumu lilitolewa. Lina uzito wa kilo arobaini na ushei, na ni la watu wawili wasio na haraka. Halikuingia kwenye mpango wa safari: mzee alikubali kulitunza mpaka litakapofuatwa kwa gari la mizigo, na mkewe akalifunga kwa blanketi mbili za farasi kabla mtu hajamwomba.

Jumamosi, 17 Mei. Calw – Pforzheim – Bretten – Bruchsal – Wiesloch – Ladenburg

Barabara ya B463 inateremka na mto Nagold hadi Pforzheim, kona baada ya kona chini ya misonobari, na hapo ndipo mtu anaielewa 280 SL. Ni gari zito, la tani moja na nusu, linalopenda kona ndefu kuliko za ghafla. Usukani ulikuwa na mchezo wa vidole viwili katikati. Kiasi fulani ni tabia ya boksi la usukani la zama zile. Ukizidi hapo, kagua viungo vyote kwanza kabla ya kukaza skrubu ya boksi, maana ikikazwa kupita kiasi usukani haurudi katikati.

Kutoka Pforzheim hadi Mannheim kuna vibao vya kahawia vya njia ya Bertha Benz. Agosti 1888 alitoka Mannheim na wanawe Eugen na Richard kwa gari la mumewe Carl, bila kumuaga, akaenda kwa mama yake Pforzheim: kilomita mia moja na kidogo, safari ya kwanza ndefu ya gari la injini. Njia nzima ya ukumbusho, kwenda na kurudi, ni kilomita 194. Bauschlott, kijiji cha kwanza kikubwa, ndiko fundi viatu alikopigilia ngozi kwenye breki zake zilizokuwa zimelika.

Karibu na Bretten geji ya mafuta ilianguka sifuri na waipa zikagoma. Magari ya kizazi hiki yana fyuzi za umbo la risasi, zenye ncha mbili zinazoshikwa na mabano ya shaba. Ncha za alumini hushika ukungu, umeme ukakatika ingawa uzi wa fyuzi ni mzima. Kwenye R107 yenye usukani kushoto sanduku liko miguuni mwa abiria, nyuma ya kifuniko cha pembeni. Zungusha kila fyuzi kwa kidole mara kadhaa, basi. Wakati zikizungushwa kwenye kituo cha mafuta, mwanamume mmoja mwenye ovaroli alikuja na kopo la peremende lililojaa fyuzi mpya za ncha za shaba, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16, akatoa kiganja kizima. Alikataa pesa, akaomba tu boneti ifunguliwe. Seti nzima dukani haifiki 15 euro. Ibadilishe yote siku ya kwanza.

Mafuta: Super Plus ya oktani 98, 1.87 euro kwa lita siku ile. E10, petroli yenye ethanoli, isiingie kwenye gari lenye mabomba ya mpira ambayo umri wake haujulikani.

Bruchsal ni nchi ya asparaga, na Mei ndiyo msimu wenyewe; huuzwa barabarani kwenye vibanda hadi 24 Juni. Sahani ya asparaga nyeupe, viazi na siagi iliyoyeyushwa ilikuwa 21 euro. Huletwa na paja la nguruwe kando, kwa hiyo asiyekula aseme mapema. Mlo ulichukua dakika arobaini, muda mbaya kabisa kwa kilimbikizi kilichochoka. Dawa ya muda: washa swichi bila kuzungusha stata, pampu itanguruma sekunde moja, zima, rudia mara nne au tano, ndipo upige stata huku umekanyaga mafuta kidogo. Injini ilishika papo hapo.

Wiesloch, mbele ya Stadt-Apotheke, husimama kila mwenye gari la zamani. Bertha alinunua humo ligroini, kiyeyusho cha kuondolea madoa, akaitia kwenye gari. Maegesho ya mbele ni machache; tafuta nyuma ya kanisa. Ladenburg ina jumba la magari la Carl Benz ndani ya kiwanda cha zamani cha familia, lakini hufunguliwa siku chache tu za wiki, saa za mchana. Chumba 82 euro.

Jumapili, 18 Mei. Ladenburg – Bingen – Bacharach

Hadi Bingen ni barabara kuu na hakuna la kusimulia, ila kwamba kwa kilomita 110 kwa saa turubai linapiga kelele kiasi cha kukata mazungumzo, na hilo si ugonjwa.

Kuanzia Bingen, barabara ya B9 inabana mto Rhine na reli chini ya mashamba ya mizabibu. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja la magari. Anayetaka ng'ambo hupanda pantoni. Jumapili kuna pikipiki nyingi, kamera za mwendo kila kijiji, na mahali pa kusimama ni pachache kuanzia saa tano.

Mvua ilianza Oberwesel ikiwa imebaki umbali mfupi, ikabidi kurudi nyuma kidogo hadi Bacharach palipokuwa na chumba. Paa la turubai hufungwa kwa mkono: kifuniko cha chuma nyuma ya viti, fremu juu, kulabu mbili mbele, halafu upinde wa nyuma unashikwa. Mtu aliyezoea hutumia dakika moja, asiyezoea hulowa. Dirisha la nyuma ni la plastiki na hupasuka likikunjwa kwenye baridi, kwa hiyo chini ya nyuzi 15 liache lilivyo. Asubuhi zulia la dereva lilikuwa na unyevu. Maji yalikuwa yamepita kwenye kona ya juu ya kioo cha pembeni, mpira umesinyaa: hilo ni la euro themanini. Zulia lililolowa kutokea chini ya dashibodi lingekuwa lile la maelfu, ndiyo sababu lilifuatwa kwa tishu kavu hadi chanzo kikaonekana.

Jumatatu, 19 Mei. Bacharach – Koblenz – Bonn

Koblenz foleni, Remagen minara ya lile daraja lililoangukia mikononi mwa Wamarekani 7 Machi 1945, kisha Bonn kabla ya saa sita. Jumla kilomita 371, lita 45, yaani takriban lita 12 kwa kilomita mia. Kwa 280 SL otomatiki hiyo ni namba njema. Ikisoma 16, angalia kidhibiti cha kupasha injini moto cha K-Jetronic.

Miadi ya usajili ilikuwa imechukuliwa wiki mbili kabla. Namba ya H, ya magari ya miaka 30 na zaidi yaliyo katika hali ya asili, ilikuwa tayari kwenye vyeti, kwa hiyo haikudai tathmini mpya. Kodi ni 191 euro kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini, na gari la H huingia maeneo ya mji yenye masharti ya hewa safi bila kibandiko cha kijani. Namba za muda peke yake zisikupe imani hiyo. Uliza mji husika kabla. H inaweza kuunganishwa na namba ya msimu, mathalani Aprili hadi Oktoba, na kodi na bima zikapungua kwa uwiano. Bima ya magari ya kale ilitaka picha na tathmini fupi, 150 euro.

Vilivyoagizwa siku hiyo: kilimbikizi cha presha, chujio la mafuta, mita mbili za bomba la mpira la mafuta, diski ya propela, mpira wa kona ya kioo, matairi manne. Kilimbikizi hubadilishwa gari likiwa juu, tangi likiwa karibu tupu, betri imekatwa na mabomba yamebanwa kwa koleo maalumu. Presha iliyobaki humwaga mafuta kwa nguvu nati inapolegea, kwa hiyo miwani, kitambaa, na taa yoyote ya moto iwe mbali.